Mama, Kaa Hapa na Mikoba

Wanakwaya wenzangu, tangu nirudi Singida hakuna anayenipa pole ya safari ikafika mwisho. Neno "pole" halijatoka mdomoni vizuri, swali limeshaingia: "Ehe, ulipanda?" Mama Zawadi amenifuata na swali hilo mpaka buchani. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nishone nguo za watu. Nitaanza mwanzo. Nikiwapa jibu kwanza hamtajua jinsi nilivyoudhiwa, na mimi nataka mjue.

Kwa aliyesahau: mwaka jana binti yangu Neema alituma video kutoka Brussels, anakoishi na mumewe. Wajukuu zangu wawili, Elie na Keziah, walikuwa ndani ya gogo la bandia lililochongwa kama mtumbwi. Likapandishwa mlima wa maji, likaporomoka, wakapiga kelele, wakalowa. Tuliitazama kibarazani kwangu, simu imeegemezwa kwenye cherehani. Nikasema mbele yenu wote kwamba nikifika huko nitalipanda gogo hilo. Mlicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha mteja. "Kwa magoti gani?" Maneno yako hayo, Mama Zawadi.

Sikuwaambia kwa nini nililitaka. Tangu Baba Neema afariki, kila ninapoingia mtu ananiletea kiti. Msibani nilishukuru. Lakini msiba uliisha na viti vikaendelea. Harusini watu wanacheza, mimi nawekewa kiti. Hata ninyi kwenye kwaya mmenipa kiti, wenzangu wa sauti ya pili wamesimama, mimi naimba nikitazama migongo yao. Nimechoka kukalishwa. Nilitaka kitu kimoja kinachonichukua kinirushe kama mtu mwenye uhai wake.

Saint-Josse, mlangoni

Neema anaishi Saint-Josse, sehemu iliyobanana, maduka chini na watu juu. Mumewe anaitwa Serge, Mkongo wa Lubumbashi. Ndoa ilifungwa hukohuko Ulaya, kwa hiyo hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa naye nyumba moja. Kukaa naye ni namna ya kusema tu. Nikiingia jikoni, anatoka. Nikikaa sebuleni, anakumbuka ana jambo chumbani. Chakula anakula baadaye, peke yake, amesimama karibu na sinki. Akitaka kunipa glasi ya maji anampa Keziah, Keziah ananipa mimi, na sisi wawili tuko hatua mbili tu!

Asubuhi ananisalimia kutoka mlango wa mbali, macho chini. "Jambo, mama. Mulilamuka bien?" Yaani nimeamka salama. Ananisemesha kwa wingi kama vile nimekuja na kijiji.

Neema aliniambia, "Mama, ndiyo heshima yao. Mama mkwe hasogelewi wala haguswi."

Hata kwetu mkwe ana adabu zake, sikatai. Lakini sikilizeni hili. Kazi ya Serge ni kuhudumia wazee. Kutwa anawaogesha bibi wa watu, anawabeba kutoka kitandani, anawafunga vifungo vya sweta. Halafu anarudi nyumbani, mimi nimesimama na magoti yangu, hawezi hata kunishika mkono nishuke ngazi. Roho iliniuma. Nilijiambia huyu kijana hanitaki.

Jumapili ya kwenda kwenye bustani ya michezo nilivaa raba na suruali chini ya gauni, tayari kwa gogo. Kwenye metro tulipata viti. Pembeni yangu palikuwa wazi, na Serge akasimama safari nzima akining'inia kwenye chuma. Mzungu mmoja akakikalia kiti kile na kunitazama kana kwamba ninanuka.

Matonge, dakika mbili

Tulishuka Porte de Namur kumchukua Maman Béa. Huyu ni mama mdogo wa Serge, ndiye aliyemlea, na ana saluni ya nywele Matonge, mtaa wa Wakongo. Neema alisema tunapita dakika mbili tu.

Dakika mbili! Maman Béa alikuwa hajavaa hata kiatu. Alinikumbatia, akanibusu shavu hili na lile, akarudia la kwanza. "Mama mukwe! Karibu! Mwikale, mwikale!" Kwao kukaa ni kuikala, nililijua neno hilo kabla ya mengine yote, maana ndilo nililoambiwa zaidi. Nikawekwa kwenye kiti cha kukaushia nywele, kichwa ndani ya kofia lake, nikasubiri.

Ikaja ibada. Eti kwa kuwa siku ile tunakosa kanisa, tusali palepale. Tukasali. Maman Béa aliombea safari, treni, dereva wa treni, rais wa kwao, magoti yangu. Wanawake wawili waliokuja kusukwa wakaingia katikati ya maombi wakaanza na wao. Halafu vikatoka vyakula: bukari, ndiyo ugali wetu, umefungwa kwenye taulo, sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, na makayabo, samaki wa chumvi ambaye harufu yake inafika kabla yake. Sufuria tatu. Nikauliza kwani huko hakuna chakula.

"Chakula ya kule?" Maman Béa akashangaa kweli. "Mama, ile ni mikate na mayonnaise. Bantu balikufa na njaa kule." Bantu kwao ni watu tu.

Mbele ya Gare du Midi

Tungeiwahi treni kama si soko. Jumapili nje ya stesheni ya Gare du Midi kuna soko kubwa, na Maman Béa hapiti sokoni bila kununua. Tulimwona anaingia kwenye watu, hatukumwona anatoka. Treni ikaondoka. Elie na Keziah walikaa sakafuni wamevuta midomo, na mimi nilikuwa nimevuta wa kwangu.

Alirudi akiwa na mfuko mkubwa wa bamia. "Donc, bei ilikuwa muzuri sana. Ningeacha namna gani?"

Nikamwuliza bamia zinakwenda kufanya nini kwenye michezo ya watoto. Akacheka, akanishika bega, akasema nina vichekesho. Sikuwa na kichekesho hata kimoja.

Getini

Bustani yenyewe iko nje ya mji. Ukishuka treni unasikia mayowe kabla hujaona kitu. Getini pana mlinzi anayekagua mikoba. Akafungua sufuria ya kwanza, akatazama. Akafungua ya makayabo, akarudi nyuma, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akanusa. Watu nyuma yetu wakaanza kuvuta pumzi kwa sauti. Walizikoroga mboga kwa kijiti, mbele ya watu, kana kwamba tumeficha bastola kwenye kisamvu.

"Monsieur, ni samaki," Serge alikuwa anasema kwa Kifaransa, taratibu, kwa sauti ile anayotumia na wazee wake. "Samaki tu."

Mimi nilisema kwa Kiswahili kwamba mama yake hakumfundisha kuchezea chakula cha watu. Hakuelewa, lakini alifunga sufuria haraka.

Benchi

Gogo nililiona mara tu tulipoingia. Lilikuwa refu kuliko kwenye simu. Nikakaza kamba za raba.

Na hapo ndipo Neema, mtoto niliyemzaa mwenyewe, aliponionyesha benchi. "Mama, kaa hapa na mikoba. Sisi tunazunguka kidogo tu."

"Neema, nimekuja kupanda."

"Baadaye, mama. Pumzika kwanza."

Maman Béa akaingilia. "Mama mukwe apande vile vintu? Mbele ya mukwe yake, miguu juu? Non, non. Mwikale hapa, mama." Akanipangusia benchi kwa kiganja.

Nikajikaza kisabuni, nikakaa. Sufuria tatu, mfuko wa bamia, makoti, pochi, begi la watoto. Wakaenda. Wakarudi wakinywa soda, wakaacha kofia, wakaenda tena. Wakarudi kula, wakala, Serge akiwa amesimama nyuma ya mti na sahani yake kwa sababu yangu, wakaenda tena. Kila nikisema "sasa", mtu ananijibu "baadaye kidogo". Nimesafiri kwa ndege usiku kucha, nimevuka Sahara, nikalinde bamia!

Bado halijaisha. Akatokea baba mmoja wa Kizungu na wanawe. Akanitazama mimi mweusi niliyezungukwa na mizigo, akavua begi la mgongoni, akaliweka juu ya makoti yetu. "Merci, madame!" Huyo, akaenda zake. Alidhani nimeajiriwa! Nilimwita, "Wewe! Baba! Wee!" Hakugeuka. Na walipoona begi lake pale, familia nyingine ikaleta miavuli. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa bibi wa Kizungu mwenye fimbo, mzee kunizidi, naye ana mifuko ya wajukuu wake. Tulikuwa tumetazamana mara kadhaa bila neno. Alipoona miavuli ile imewekwa, akacheka hadi akajifuta macho. Kisha akaninyooshea kidole gogo, akajinyooshea yeye kifua, akanipa fimbo yake niishike. Akaondoka! Anachechemea kidogo, lakini anakwenda. Nikabaki na fimbo juu ya mapaja, naona kwa macho yangu bibi yule anaingia kwenye foleni, anapanda gogo, anaporomoka, mikono juu.

Alirudi amelowa maji, nywele zimemsimama. Akaichukua fimbo yake, akanisukuma kwa kiganja mgongoni. Akaigonga fimbo juu ya sufuria zetu, kisha chini, akakaa katikati ya mizigo yote kama askari wa benki. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, na ndiye mtu pekee siku nzima aliyenielewa.

Nikaondoka.

Gogo

Kule mbele ya foleni nilikuta kilio. Keziah analia, Elie amekunja mikono, Serge anabembeleza msichana wa zamu. Neema alikuwa amezungushwa na mchezo mwingine hadi akatapika, yuko mbali ameegemea bega la Maman Béa. Watoto wote wawili hawajafika kwenye alama ya urefu, na sheria ni kila mtoto awe na mtu mzima wake. Watoto wawili, mtu mzima mmoja. Msichana anatikisa kichwa.

Nikapita pembeni ya watu, wengine wakaguna. Nikasema, "Mtu mzima mwingine huyu hapa."

Serge akashtuka, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba. "Mama, apana. Mimi natoka. Namwita Neema."

"Neema anatapika."

"Alors tunaacha."

"Bibi!" Keziah akalia zaidi.

Mle kwenye gogo hakuna viti. Mnapanga mstari, mmoja mbele ya miguu ya mwenzake. Nililiona hilo, naye aliliona, jasho likamtoka. Msichana wa zamu akauliza kitu, nyuma watu wakaanza kelele, na mimi maneno yaliyonikaa kooni tangu siku ya kwanza yakatoka.

"Serge. Kazini kwako unawabeba bibi wa watu kutwa nzima. Leo unashindwa kupanda gogo moja na mimi?"

"Kule ni kazi, mama." Alisema akitazama viatu. "Hapa ni heshima."

"Heshima yako imenikalisha na bamia tangu asubuhi!"

Akawatazama watoto. Nadhani ni mara ya kwanza aliinua macho akaniona usoni, na alikuwa na macho ya mtu aliyechoka, si ya mtu mwenye kiburi. "Bon," akasema. "Batoto bakae katikati."

Tukapanda. Mimi mbele, kisha Keziah, kisha Elie, Serge mwisho kabisa. Watoto ndio ukuta wetu. Gogo likaanza kupanda kwa mnyororo, ka-ka-ka-ka, nikaona bustani nzima, benchi langu, bibi wangu na fimbo yake. Juu kabisa likasimama kidogo. Sikumkumbuka Mungu wala ninyi. Nikasema tu, "Mama yangu!"

Likaachia. Makalio yangu yakaondoka kwenye gogo, kweli kabisa, sitii chumvi, nikawa hewani. Na hapo mkono mkubwa ukapita juu ya vichwa vya watoto ukanidaka bega, ukanikandamiza chini. "Mama, mushikamane!" Maji yakatupiga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, kisha nikacheka, na kucheka kule kulikuwa kumenipotea tangu Baba Neema afariki.

Ndiyo, Mama Zawadi. Nilipanda. Kwa magoti haya haya.

Penye picha

Ukishuka, kumbe kuna kamera imewapiga mkiporomoka, na nyuso zenu zinawekwa kwenye skrini kubwa kila mtu azione. Maman Béa alikuwa amesimama chini ya skrini hiyo, Neema kando yake bado wa kijivu. Pale juu nilikuwa mimi, mdomo wazi, gauni shingoni. Na mkono wa mkwe wangu, vidole vyote vitano, begani pangu.

"Serge!" Sauti yake ilisimamisha watu. "Mukono yako iko wapi?"

Serge aliutazama mkono wake kama umeungua. "Maman, alikuwa anaruka..."

"Umeshika mukwe! Mbele ya bantu! Na kuku haiyatoka!"

Nikauliza, "Kuku gani?"

Wote watatu wakatazamana. Nikauliza tena, kwa sauti ambayo ninyi mnaijua. Ndipo Maman Béa akaeleza, shingo upande. Kwao, mkwe anakaa mbali na mama mkwe mpaka mama mwenyewe ampikie kuku, ampe kwa mkono wake. Siku hiyo mlango umefunguka: watakula pamoja, watakaa pamoja, yameisha. Asipompa, mkwe anasubiri. Hata miaka.

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Ile kuku haiombwake, mama," Maman Béa akasema. "Ukiomba, haina maana. Inatoka ku roho ya mama."

Nikamgeukia Neema. "Na wewe?"

"Niliona aibu, mama. Nilidhani... labda bado hujaamua kumpokea."

Serge alikuwa anasokota ncha ya shati lililolowa. Akasema polepole, si kwangu, kama anasema na skrini. "Mimi nilizani hamujanipokea. Tangu ndoa. Nilisema, bon, nitangojea."

Wenzangu, hasira niliyokuwa nayo kwa bamia ilikuwa mchezo. Kuku! Mimi, mtu wa Singida, watu wanasimamisha mabasi kwetu kununua kuku! Ningempa kumi! Ningebeba kwenye ndege, wanifunge huko mbele! Kijana amekula amesimama kwenye sinki wiki nzima akidhani simtaki, na mimi nimelala kila siku nikidhani yeye hanitaki, na katikati yetu hakuna kitu ila kuku mmoja ambaye hakuna mwenye mdomo wa kumtaja. Nilisema mengi pale mbele ya kibanda cha picha. Maman Béa alisema mengi pia. Mwishowe tulikuwa tunapiga kelele wote wawili tukiwa upande mmoja, maana alikuwa anamgombeza Neema kwa kukaa kimya.

Mezani

Kesho yake mchana nilikwenda Matonge na Maman Béa, nikachagua kuku mgumu, yule wa kuchemka sana, si hawa laini wa Ulaya. Nilimpika kama tunavyopika kwetu, kitunguu na chumvi tu, mchuzi wake mwenyewe. Maman Béa alisimama pembeni akinyoosha shingo. Alitaka kutia pilipili. Nikamzuia kwa mwiko.

Serge alirudi kutoka kazini, akasikia harufu, akasimama mlangoni pale pake pa mbali. Nikamwita ndani. Nikamchotea paja na firigisi, nikamkabidhi sahani kwa mkono wangu, si kwa Keziah. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Sikumwambia neno lolote la maana. Nilikuwa bado nimekasirika, nikamwambia ale kabla halijapoa.

Watu wakakaa. Nikabaki nimesimama na mwiko, natafuta chumvi ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Serge akavuta kiti kilichokuwa pembeni yake, akakipangusa kwa kiganja kama Maman Béa alivyopangusa lile benchi.

"Mwikale hapa, mama."

Tangu Baba Neema afariki nimevichukia viti. Kile nilikikalia, bega langu likigusa la mkwe wangu, tukala.